Maisha ya Mwalimu Philomena Bura, Aliyewatafuta Wasiojua Kusoma

Baba Paroko, walimu wenzake na marehemu, majirani wa Endasak na ndugu mliopanda basi tangu alfajiri kutoka Daudi, tumsifu Yesu Kristo. Familia imesimama kando ya jeneza hili ili kueleza njia aliyopita mama yetu, dada yetu na mwalimu wetu, Philomena Bura Amsi, bila kuipamba, kwa maana aliyelala hapa alichukia sifa za uongo kuliko alivyochukia utoro.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Daudi, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bura Amsi na mama Marieta, wakulima wa mahindi na maharage, akabatizwa kabla ya Krismasi ya mwaka huo huo. Alianza darasa la kwanza mwaka 1966, akiwa hajui neno la Kiswahili isipokuwa shikamoo, na mara nyingi alisimulia jinsi alivyoimba "ba, be, bi, bo, bu" mwaka mzima akidhani ni wimbo wa kanisani. Alihitimu darasa la saba mwaka 1972, akabaki nyumbani akilima na wazazi wake.

Mwaka 1976, taifa lilipohitaji walimu wengi kwa haraka, alichaguliwa kusomea ualimu huku akifundisha, akapata cheti chake mwaka 1979, akapangiwa shule moja chini ya mlima Hanang, ambako watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji walibanana dawati moja. Tarehe 27 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Felician Lameck wa Endasak, na Mungu akawajalia watoto wanne, Yohanes, Perpetua, Patriki, na Tomaso aliyerudi kwa Muumba wake angali mchanga.

Alipewa darasa la kwanza, na hakuliacha tena. Siku moja ya mwaka 1988 alimpa mtoto aliyesifiwa sana kitabu kilichogeuzwa juu chini, naye mtoto akausoma ukurasa wote bila kukwama, ndipo mwalimu alipotambua kwamba darasa lake lilikuwa likikariri, wala halisomi, na tangu siku hiyo moyo wake haukutulia. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mchapishaji na kitabu chake, kila semina na njia yake, mwaka huu silabi, mwaka ujao maneno mazima, naye alizijaribu zote kwa uaminifu, akawaandikisha watoto herufi juu ya majivu, akawabakiza waliochelewa, akawaeleza kwa lugha ya nyumbani ingawa alikaripiwa kwa hilo. Neno "mjinga" lilikuwa marufuku darasani mwake, na aliyelitamka alipalilia bustani ya shule.

Mwaka 1999 aliletewa Jenifa, binti wa mzee Gidahosh, mfugaji wa bondeni, mtoto mchangamfu aliyeweza kumtambua ng'ombe wa kila ukoo kwa alama ya moto iliyochomwa ubavuni. Mwalimu alishangilia, akadhani Bwana amemfungulia mlango, akafundisha kila herufi kama alama ya ukoo, na Jenifa akazitaja zote kabla ya wenzake. Lakini alipoambiwa aunganishe b na a, alikataa katakata, akasema, "Mwalimu, ng'ombe mwenye alama mbili ni wa wizi!" Darasa liliangua kicheko, mwalimu naye akacheka, kisha akaona kwamba mlango ule ameufunga kwa mkono wake mwenyewe. Akageuza mfano, akasema herufi b ni ndama na herufi a ni mama yake, na ndama hasikiki mpaka mama amwitikie, na wengi wakashika, wakasoma, ila Jenifa hakushika.

Mwaka 2002, mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa na shule zikafurika watoto, darasa moja lilipita mia, na katika msongamano huo mzee Gidahosh alifika mlangoni na fimbo yake.

"Mwalimu, tangu nikukabidhi huyu, mtamba wangu amezaa mara mbili. Yeye amezaa nini?"

"Hajajua kusoma, mzee wangu."

"Ana ugonjwa gani?"

"Sijui."

"Basi na wewe hujasoma."

Marehemu alikiri kwamba jibu lile lilikuwa la haki. Mwezi Agosti 2003 mzee yule alihamisha mifugo na nyumba yake yote kuelekea kusini kutafuta malisho, na Jenifa akaenda asijue kusoma jina lake.

Mchungaji wa Injili ya Luka aliwaacha wale tisini na tisa akampata mmoja aliyepotea, bali mwalimu wetu hakumpata wake. Alisoma Isaya, pale kitabu kinapopewa mtu naye asema hajui kusoma, akalia mbele za Mungu, akauliza kila mfugaji aliyefika mnadani, na hakupewa jibu. Enyi walimu, msiseme juu ya kaburi hili kwamba alimfundisha kila mtoto, ametukataza.

Mwaka 2007 aliugua shinikizo la damu, likadhuru figo, akatibiwa hospitali ya Haydom mara kwa mara. Daktari alipomweleza kwamba dawa zimefika mwisho, alimshika mkono akasema, "Asante, mwanangu, hata mimi niliwahi kumwambia mzazi kwamba sijui." Alifariki dunia tarehe 9 Machi 2010, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliochota maji na kukesha nasi, walimu wenzake mliobeba vipindi vyake, na jumuiya yake kwa sala. Na kama yupo kati yenu atakayesafiri na mifugo kuelekea kusini, akakutana na binti wa Gidahosh, tunamsihi amwambie kwa mdomo wake kwamba Mwalimu amefariki angali akimtafuta, kwa maana tangazo hatalisoma.

Mwalimu Philomena, Bwana akupe pumziko ambalo sisi hatukuweza kukupa, ulale kwa amani.