Wasifu wa Mwalimu Isaka Basil, Aliyesema Korosho Zilikuwa Kavu

Ndugu wafiwa, majirani wa Mnyambe, na ninyi mliotoka Lupaso na Masasi, huyu tunayemsindikiza ndiye Mwalimu Isaka Basil.

Alizaliwa Lupaso tarehe 14 Mei 1946, mtoto wa nne wa Mzee Basil na Mama Sophia. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu akikaa kula na wenzake, hatii mkono kwenye sahani mpaka aone kwanza nani anamtazama nani. Wenzake wanamaliza ugali, yeye bado anatazama. Alilala njaa mara nyingi kwa tabia hiyo.

Alisoma shule ya msingi Lupaso, akaendelea Masasi, na mwaka 1967 akapata cheti cha ualimu. Alianza kazi Nanganga. Mwaka 1974 alipelekwa Dar es Salaam kusoma stashahada, na huko ndiko alikokutana na saikolojia. Haikumtoka tena.

Kuanzia mwaka 1977 alifundisha somo hilo kwenye chuo cha ualimu. Waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa mfano wa mtoto mtoro. Alikuwa akisema: mwanasaikolojia wa kwanza atakwambia mtoto huyo hajapata zawadi na adhabu za kutosha, wa pili atachimba utoto wake na mama yake, wa tatu atapima damu na ubongo, wa nne atauliza anafikiri nini kichwani. "Kila mmoja ana tochi yake," alisema, "na kila mmoja anaona pale tu anapomulika. Ninyi mkifika shuleni, muulizeni na mtoto mwenyewe."

Siku moja, kurudia jaribio la watafiti wa Kizungu alilolisoma vitabuni, aliwapanga wanafunzi wake kwa siri. Alikata vijiti viwili, kimoja kirefu wazi kabisa, akauliza kipi kirefu. Darasa zima, kama alivyowafundisha, likaonyesha kifupi. Wa mwisho alikuwa Dastani, ambaye hakuambiwa kitu. Dastani akakodoa macho, akajikuna, naye akaonyesha kifupi.

"Dastani, umekiona kirefu?"

"Nimekiona, mwalimu."

"Mbona umesema kile?"

"Nilidhani macho yangu mabovu. Wote hawa wanaweza kukosea?"

Darasa likacheka mpaka madawati yakalia. Mwanafunzi mmoja, Siti, hakucheka. Alisimama akasema, "Mwalimu, umemwaibisha mwenzetu. Na wale Wazungu waliobuni hilo jaribio, nao waliwadanganya watu wao?" Marehemu akamwomba Dastani radhi mbele ya wote. Tangu siku hiyo, kila alipofundisha utafiti ule, aliongeza maneno yake: "Wale waliojaribiwa hawakujuana. Jaribio likiisha, kila mtu kwao. Sisi huku tunazikana."

Alifunga ndoa na Oliva Fortunatus kanisani Newala tarehe 7 Oktoba 1972. Mungu akawajalia watoto wawili, Esther na Ambrosi. Mwaka 1994 Serikali ilipopunguza wafanyakazi, jina lake likawemo. Kwa desturi ya huku, mume akahamia kwa mke, na mashamba ya korosho hapa Mnyambe yalikuwa ya Mama Esther na ukoo wake. Marehemu alikuja kama mkwe, na mkwe, tunajuana, hasemi sana mkutanoni.

Lakini alisema. Ilikuwa Novemba mwaka uleule, biashara huria imeshika kasi, chama cha msingi cha ushirika kimelala, na wanunuzi binafsi wanapanda na malori. Mnunuzi mmoja akaweka mzani hapa kijijini. Watu wakapanga foleni na magunia yao. Kijana wa mnunuzi akapasua korosho ya mtu wa kwanza kwa kisu, akasema mbichi hizi, daraja la pili. Mwenye gunia akaitikia, kweli, mbichi. Wa pili naye, kweli, mbichi. Wa tatu alikuwa jirani yetu Mzee Mahmudu, ambaye alikuwa amezianika zake mpaka ukizitikisa zinalia kama njuga. Mzee Mahmudu akazitazama, akawatazama wale wawili, akasema, "Labda mbichi."

Marehemu alikuwa nyuma yake. Aliona vile vijiti viwili. Wale wawili wa mbele walikuwa wamepangwa na mnunuzi. Majina yao hakuyataja mpaka anakufa, hata mkewe alipombana, na wasifu huu hautayataja.

"Mahmudu, tikisa," alisema kwa sauti.

"Niache, Baba Esther."

"Tikisa, watu wasikie. Hizi kavu. Daraja la kwanza."

Zikatikiswa, zikalia. Mtu wa nyuma akasema na zangu kavu. Mwingine naye. Foleni ikavunjika, kila mtu anavuta gunia lake. Kwa mara ya kwanza marehemu aliona kwa macho yake kile alichokifundisha miaka yote: akitokea mmoja tu wa kusema tofauti, wengine hupata ulimi.

Mnunuzi alikunja mzani wake akaondoka. Hakurudi, wala hakuja mwingine. Mvua zikaanza, magunia yakaota ukungu ndani ya nyumba, na mwaka ule watoto wengi hawakuendelea na shule. Maneno yakaanza. Mkwe ametufundisha korosho. Mkwe ana kiinua mgongo, sisi tuna nini? Hakuna aliyemtukana. Walimsusia tu. Salamu zikafupika, mwaliko ukakatika, na Mzee Mahmudu, aliyekuwa akinywa chai kwake kila Jumapili, akabadilisha njia ya kwenda shambani.

Mama Esther aliaga dunia tarehe 21 Machi 1998. Wazee waliobaki kati yetu wanajua kilichotokea. Hakuja mchimbaji. Ambrosi alichimba na wajomba wawili, na walipochoka, mfiwa mwenyewe aliinuka mkekani akashika jembe. Mume kuchimba kaburi la mke wake, jambo hilo halijawahi kuonekana kwetu. Baadaye alimwambia Esther, "Watafiti wanafunga vitabu mapema mno. Wanaandika nani alisema kweli. Hawakai kuangalia mwaka wa nne yule mtu anaishije."

Alipatwa na kiharusi mwezi Januari 2002. Alilazwa Newala, akarudishwa nyumbani, mkono wa kulia haufanyi kazi. Ndugu wa Lupaso walikuja kumwomba akubali azikwe kwao, ambako watu wa kuchimba wapo. Alikataa. Alitaka kulala kando ya Oliva.

"Nani atachimba, baba?" Esther akamuuliza.

"Akitokea mmoja, wengine watakuja."

"Na asipotokea?"

"Basi utafiti ule umekosea, na ninyi mtachubuka mikono."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 2002, saa kumi alasiri, Esther akiwa amemshika.

Wasifu huu uliishia hapo jana. Haya yafuatayo yameongezwa leo asubuhi, kwa mkono. Ambrosi alifika makaburini peke yake kulipopambazuka, akamkuta mtu ameshafika magotini ndani ya udongo. Alikuwa Mzee Mahmudu, kofia yake ameitundika kwenye kichaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika upande ule."

Wakachimba pamoja. Baada ya muda, Mzee Mahmudu akaegemea jembe, akasema bila kuulizwa, "Zilikuwa kavu. Korosho zangu mwaka ule zilikuwa kavu kabisa." Akaendelea kuchimba. Jua lilipotoka walikuwa watu sita. Wengi hawakuja, na tunajua kwa nini. Lakini kaburi limetimia, na mikono ya watoto wake haikuchubuka.

Marehemu ameacha watoto wawili, Esther na Ambrosi, wajukuu watano, dada yake Bibiana aliyeko Lupaso, na wanafunzi wengi wasiohesabika.

Lala, Mwalimu, kando ya Oliva wako. Alitokea mmoja. Mungu akupe amani.