Kalolaine Vea, Mwalimu Aliyetuonyesha Seli (1961–2023)

Marehemu Kalolaine Vea alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Leimatu'a, kisiwani Vava'u, nchini Tonga, mtoto wa kwanza wa mzee Folau Mahe, mkulima wa vanila, na mama Pisila.

Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari mjini Neiafu. Mwaka 1984 alihitimu ualimu wa biolojia huko Suva, Fiji, akarudi kufundisha Neiafu.

Mwaka 1989 fundi seremala Semisi Vea alifika shuleni amenuna. Mdogo wake Meliame, mwanafunzi wa Kalolaine, alikuwa amerudi nyumbani akisema binadamu na kiazi kikuu wote wamejengwa kwa seli. Kalolaine hakubishana naye. Mbele ya darasa alimwonyesha kwenye hadubini ngozi ya kitunguu, kila seli na kiini chake, kila seli na ukuta wake. Kisha akamkwangua shavu kwa ndani, akatia tone la rangi ya buluu. Semisi alitazama kwa muda mrefu.

"Mbona za kwangu hazina kuta?"

"Mimea ndiyo yenye kuta. Wewe una utando mwembamba tu, unaochagua cha kuingiza na cha kukataa."

"Na wako, mwalimu, unaingiza maseremala?"

Darasa zima lilimcheka. Walifunga ndoa tarehe 12 Januari 1991, wakajaliwa Ilaisaane na Siaosi.

Mwaka 2016 Kalolaine alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi za shule. Madaktari wa Auckland, New Zealand, walikuta saratani ya damu. Mumewe alipotaka kujua, alimfafanulia kwa utulivu kwamba ndani ya mifupa seli changa nyeupe zilikuwa zikigawanyika ovyo, zikizisonga nyekundu zinazobeba hewa. Alihitaji uboho wa mtu anayelingana naye, na aliyelingana ni mdogo wake wa kiume, Paula.

Kwa heshima ya kaka na dada, ambao kwa mila ya Tonga hawakai chumba kimoja, Paula hakuingia chumbani kwake hospitalini. Alikaa koridoni, wakazungumza kupitia kwa muuguzi. Wiki za kwanza baada ya kupandikizwa uboho wa Paula, hakuna aliyejua kama seli zile zingeshika. Siku vipimo vilipoonyesha damu mpya, dada alituma neno:

"Mwambie Paula seli zake ni kaidi kama yeye, lakini zimeanza kazi."

Paula alikwenda kulia kwenye maegesho ya magari.

Kalolaine alirudi nyumbani, akamwoza Ilaisaane, akampakata mjukuu. Homa ya mapafu ilimchukua tarehe 2 Juni 2023, Semisi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na Paula, anayewasomea haya. Damu iliyotembea mwilini mwa dada yake miaka ile ya mwisho ilitoka katika seli zake; mtamwia radhi akisoma polepole.

Mungu ampe dada yetu pumziko lenye amani.