Bi Kipaza na Maji Yaliyokataliwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Kipaza, mtangazaji wa gari la idara ya maji. Moyo wake ulisimama juma lililopita. Wengi wenu hamkumjua kwa sura, mlimjua kwa sauti.

Alikuwa mcheshi hasa. Maji yakitaka kukatwa, alipita akitangaza: "Jazeni ndoo! Na wavivu wa kuoga msifurahi!" Watu walicheka, wakajaza. Walimwamini.

Kisha bomba la mafuta likapasuka mtoni, pale tunapotoa maji yetu. Ofisi ikampa tangazo: maji ni salama. Hakuna aliyekuwa amepima. Narudia, wasikilizaji, hakuna aliyepima. Yeye alidhani wamepima, akatangaza mtaa kwa mtaa. Watoto wakatapika. Dada yake mkubwa alimwambia mlangoni, "Mdogo wangu, umetunywesha mafuta kwa mdomo wako." Tangu hapo dada akawa anachota bwawani, na wengi wakamfuata.

Mto ulisafishwa. Safari hii maji yalipimwa kweli, yakaonekana safi. Bi Kipaza akarudi na gari lake. Nani amsikilize? Watu waliendelea na bwawa, na kipindupindu kikaingia. Hapo akaweka kando tangazo la ofisi, akasema yake: "Mara ya kwanza hatukupima. Tuliwadanganya, na sauti ilikuwa yangu. Sasa tumepima. Njooni mwone wenyewe."

Jioni ileile alifukuzwa kazi. Ofisi haijasema lolote mpaka leo.

Mumewe anasimulia: "Kila asubuhi alichota ndoo bombani, akawapelekea majirani. Walipokea kwa adabu, asante mama, asante mama. Akigeuka tu, wanamwaga. Alikuwa anasikia."

Inaniuma, jamani. Inaniuma sana.

Siku ya mazishi, waombolezaji walikuja na chupa zao za maji. Dada mkubwa aliingia jikoni kwa marehemu, akafungua bomba, akanywa glasi nzima. Nilimuuliza kama sasa anaiamini ofisi.

"Ofisi? Wala! Mdogo wangu ndiye aliyeniambia kweli. Nilimnunia mpaka amekufa."

Poleni sana, mume wa marehemu, watoto, na wewe dada. Nasi tuliobaki tujiulize: mtu aliyetupotosha akirudi na ukweli mkononi, tumfanyeje? Kila mmoja amfikirie aliyemfungia mlango.