Ghorofa Mbili za Luhaga

Kijiwe kilikuwa mbele ya banda la fundi redio, ng'ambo ya kiwanda cha kuchambua pamba, na tangu wanunuzi binafsi waanze kugombania pamba ya Bariadi, benchi lile halikupoa. Luhaga alihamia hapo siku alipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika. Baadaye moyo wake ulitanuka, miguu ikavimba kama magogo, akapelekwa Mwanza. Alirudi na vidonge vya moyo na vingine vya kukojoza maji, miguu imenywea, anatembea vizuri. Ila jioni hiyo kahawa ilimpolea mkononi, na wenzake wakajua kuna neno.

— Vidonge vimeisha? — aliuliza Joakim, fundi mwenyewe, ambaye walimwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Vipo. Nilimuuliza daktari kama naweza kurudi nyumbani.

— Si umesharudi?

— Kurudi kabisa, Redio.

Benchi likaelewa. Nathanael, wakala wa pamba aliyebandikwa jina la Soko Huria, akasogea.

— Akasemaje?

— Nikiweza kupanda ghorofa mbili bila kuhema, ruksa.

Wote wakatupa macho mjini. Siku hizo ungetafuta ghorofa Bariadi mpaka soli ziishe. Ni mabati tu, na moshi wa jioni. Luhaga akashusha pumzi. Tangu atoke Mwanza alikuwa analala kwenye kitanda cha kijana wao aliye shule ya bweni, akisingizia kikohozi. Kilichomuuma zaidi ni jinsi mkewe, Milembe, alivyokuwa akimtengea chakula kwa adabu, kama mgeni wa kanisa.

— Hilo ni fumbo, — alisema Redio. — Daktari hawezi kukutamkia wazi. Ghorofa mbili ni wake wawili. Oa wa pili, moyo utatulia. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Inahusu nini hapo?

— Ukishaoa utaelewa.

— Usimpotoshe mzee, — alisema Soko Huria. — Zamani ushirika ndio ulikupangia kila kitu. Sasa soko huria, ghorofa unajitafutia mwenyewe. Kuna jamaa Maswa ana unga wa mizizi. Kijiko kimoja tu, unapanda ghorofa nne na funguo unazo.

— Daktari alikataza kuchanganya. Alisema unga kama huo unaweza kunimaliza.

— Huyo anaogopa ushindani.

— Na vidonge hivyo vya kukojoza, — Redio akadakia, — unafikiri vinakojoza maji peke yake? Nguvu nazo zinapita humohumo. Wewe kila asubuhi unamwaga ujana wako chooni.

— Bila vidonge hivyo ningekuwa nimezikwa, Redio.

— Sawa, lakini mchagua jembe si mkulima.

Soko Huria alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa anatazama lori la tajiri wake, limeegeshwa kando ya kiwanda, limeshindiliwa marobota ya pamba mpaka turubai lilikaribia nyaya za umeme.

— Ghorofa mbili zile pale, — alisema.

Luhaga alijua ni upuuzi. Lakini mtu aliyelala peke yake siku nyingi hachagui upuuzi. Akavua kandambili, akashika kamba, akapanda polepole, anapumzika kila robota. Alipofika juu akaweka kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unadunda kwa utaratibu wake.

— Unahema? — Redio aliuliza kutoka chini.

— Sihemi.

— Basi umefaulu. Shuka.

Luhaga akachungulia chini.

— Siwezi. Naogopa.

Redio akarudi kwenye benchi, akajimiminia kahawa.

— Aliye juu mngoje chini, — alisema.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na ndoo yake ya dagaa, anasubiri gari la kurudi Lamadi. Aliitwa Lukresia, na hakuna aliyewahi kumwona pale.

— Mwadila, baba zangu. Yule juu anafanya nini?

Wakamweleza yote, moyo, vidonge, daktari na ghorofa, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Lukresia alisikiliza hadi mwisho, akanywa funda moja la kahawa waliyompa.

— Na mkewe anasemaje?

Redio akamtazama Soko Huria. Soko Huria akatazama juu. Na Luhaga alisikia vizuri sana. Alimuuliza daktari, akaliuliza benchi zima, ila Milembe hakumuuliza. Akageuka, akakumbatia marobota, akateremka macho yamefumbwa.

Alimkuta Milembe uani anachambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akaketi, akamwambia maneno ya daktari, yote, bila kuruka.

Milembe akamgeukia.

— Kumbe si kikohozi?

— Si kikohozi.

— Mimi nilijua umenichoka, baba Shija. Nikasema basi, bora uwe hai, hata kama ni chumba cha pili. — Akajifuta jicho kwa kanga. — Sasa umezipandia wapi hizo ghorofa?

— Kwenye lori la pamba.

Milembe akacheka mpaka michembe ikamwagika mapajani. Kisha akainuka, akaingia ndani, na Luhaga akasikia kitu kizito kinaburutwa. Alimkuta anavuta gunia la mahindi alilokuwa ameliweka kwenye kitanda chao, upande ule wa ukutani uliokuwa wake Luhaga.

— Niache nikusaidie, — alisema.

— Usiguse, — alisema Milembe. — Leo usibebe kitu chochote.