Elkanah Odera, Aliyewaita Waliolala kwa Majina ya Sifa

Waombolezaji wapendwa, wakwe zetu wa Migori na wenzake wa kazi hapa Homa Bay, kaeni vizuri, leo mnasomewa mtu, si kivuli cha mtu.

Marehemu Elkanah Odera alizaliwa tarehe 4 Machi 1924, kifungua mimba wa mzee Onditi na mama Truphena, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akafukuzwa kwa kumjibu mwalimu, jambo ambalo ukoo huu haujawahi kulionea aibu, kisha mwaka 1946 akaajiriwa udresa hospitalini, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda, akafundishwa kazi ya nusukaputi, yaani kumlaza mgonjwa apasuliwe asisikie. Mwaka 1950 alimwoa Roselyn, wakapata watoto watano, wote wabishi.

Enzi za etha, ile dawa ya usingizi ya kunusishwa, ulitazama macho na pumzi ya mgonjwa, ukajua amezama kiasi gani. Halafu ikaja gesi ya kuchekesha pamoja na dawa ya kulegeza misuli, mgonjwa akalala kama gogo, jicho halisemi, mkono hausemi, pumzi anasukumiwa, na hakuna aliyejua kama ndani amelala au anasikia kila neno. Ndipo Agosti 1964 akaletwa shemeji yake Nashon, mvuvi, apasuliwe ngiri, gesi ikaingia, daktari akashika kisu. Marehemu, kidole chake kikiwa kwenye mshipa wa Nashon, aliinama akamwita sikioni kwa pakruok yake, lile jina la kujisifia kwenye karamu, Fahali wa Kaswanga anayekunywa ziwa, na mshipa ukaruka kama samaki wavuni. Akasema, daktari, ngoja kwanza, huyu bwana yuko macho, Mjaluo gani asikie sifa zake atulie, na daktari, mtu muungwana, akacheka, akaweka kisu chini, etha ikaongezwa kidogo, Fahali akaitwa tena, mshipa ukatulia tuli, kazi ikafanyika. Nashon alipozinduka alianza kwa kulalamika, nani huyo alinisifu nikiwa sina mdomo wa kujibu?

Tangu siku hiyo hakuna aliyepasuliwa kabla Odera hajamuuliza sifa zake mlangoni, Wakuria wa Kegonga wakaitwa kwa majina ya mafahali wao, na bwana Noordin mwenye duka, aliyedai hana jina la sifa, akapewa moja papo hapo, anatamba nalo mpaka leo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1968, akalazwa wodi ileile aliyoizoea, akaaga dunia tarehe 11 Juni 1969, Nashon akiwa ameushika mkono wake, akamwinamia, akamwita, Odera, Dume linalolaza madume, akangoja, akamwita tena, kisha akatugeukia akasema, jamani, huyu sasa amelala kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupasua kuni, na wenzake wa kazi, hasa wale aliowatania bila huruma.

Dume linalolaza madume, tumekuita kijiji kizima na mshipa haukuruka, basi hakuna kisu kitakachokuamsha tena. Pumzika kwa amani.