Elisée Rugamba, Aliyewainua Aliowaangusha

Elisée Rugamba alizaliwa Minembwe, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1990, kifungua mimba wa Mama Generoza. Tangu utoto alikuwa na kichwa kigumu, na mama yake ameomba jambo hilo lisifichwe leo. Mwaka 2001 familia ilifika Louisville, Marekani, kama wakimbizi, ikakaa mtaa wa Iroquois.

Alisoma sekondari hukohuko, na ndipo alipojifunza futiboli ya Kimarekani. Alicheza ulinzi: kazi yake ilikuwa kuwaangusha wapinzani. Mama Generoza alipomwona uwanjani mara ya kwanza, alikasirika. "Ule naye ana mama yake," alimwambia. "Ukimuangusha, donc umuinue." Elisée alitii kupita kiasi. Akiwa chuo kikuu Columbus, 2009 hadi 2013, siku moja alisimama kumwinua mpinzani aliyekuwa amemwangusha, ambaye alikwisha kumpa mwenzake mpira, huku mwenzake huyo akimpita mbio. Kocha alifoka mpaka sauti ikamkauka.

Agosti 2013 alianza kuchezea timu ya kulipwa Buffalo. Juni 2014 alifunga ndoa na Umutesi, kanisani Reynoldsburg, karibu na Columbus, na mwaka uliofuata wakampata Précieuse. Kabla mtoto hajazaliwa, goti la Elisée liliharibika uwanjani, mbele ya mama yake aliyesafiri kutoka Louisville. Watu wawili walimpa mikono. Aliikataa, akatoka akichechemea. "Kuinua watu unajua," mama alimwambia jioni ile. "Kuinuliwa hautaki. Bon, unanichokesha." Timu ilimwacha, akarudi Reynoldsburg kufanya kazi ghalani.

Mapema 2016 tumbo lilianza kumsumbua. Mama akipiga simu, jibu lilikuwa lilelile: "Mama, niko muzuri." Umutesi alipomsihi aende kwa daktari, alikwenda kazini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alimwambia hivyo hadi akachoka, naye alicheka tu. Agosti alianguka ghalani, na madaktari wakakuta saratani ya ini imeshaenea. Familia ilimkasirikia, na bado haijamaliza.

Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2016 alijaribu kuketi kitandani, akashindwa. Mama Generoza, aliyekuwa kando ya kitanda, hakusogea, kwa kuwa alijua mkono wake ungekataliwa. Elisée akanyoosha wa kwake. "Mama, uniinue." Akamwinua, akamkalisha, akamshika hivyo mpaka pumzi ilipokatika.

Ameacha mke wake Umutesi, binti yake Précieuse, mdogo wake Muhoza, na mama yake.

Bwana ampumzishe kwa amani. Na siku ya kuitwa kuinuka, Elisée, toa mkono bila ubishi.