Kuku Mzima Tuliyempasua

Shikamooni wazee, na wenzangu wa kikundi hamjambo. Leo zamu ya kusimama ni yangu, na mnanijua, mie nikipewa nafasi ya kusema siiachi.

Ndugu zangu, makundi mawili ya kuku wa nyama yaliniishia bandani kwangu Mbagala, wakihara damu. Mume wangu alishafariki, na banda ndilo linalotulisha. Nikaamua kundi la tatu likifa nafunga virago na wanangu, tunarudi Songea.

Hilo la tatu lilikuwa zuri. Wanakula, wanakimbizana. Nikamwita daktari wa mifugo aje anitoe wasiwasi tu. Dada wa watu akawatazama, akaniomba nichinje mmoja. Nikamuuliza yupi, mbona hakuna mgonjwa?

"Huyo anayekula vizuri," akasema. "Aliyekufa anatuambia tumechelewa."

Nikachinja roho ikiniuma. Akapasua utumbo: vidoa vyekundu, kama umechomwachomwa na ncha ya sindano. Akachukua na kinyesi, kesho yake akanionyesha kwenye hadubini. Nikainama kuchungulia. Vijiyai vya vijidudu vya kuhara damu, vya duara, vimejaa, vimetulia, kila kimoja na ukuta wake. Mungu kaumba kitu jicho halikioni, na kinalaza banda zima! Niliogopa, na bado nikaona ni kizuri.

Akanieleza kwamba vijiyai hivyo hukomaa vikipata unyevu na joto. Akauliza maranda ya mbao niliyowatandikia kuku yanalowaje. Jamani, nyie mnafagiaje uwanja? Si mnanyunyiza maji kwanza vumbi litulie? Na mie hivyo hivyo, kila asubuhi, juu ya maranda ya kuku, najiona msafi kuliko majirani. Kumbe naviotesha mwenyewe. Chekeni tu, hata mie nilicheka baadaye.

Tukazoa maranda yote, tukaweka makavu, kuku wakanyweshwa dawa aliyoandika daktari. Walikufa wachache. Waliobaki nikawauza, na hapa Dar bado tupo.

Namshukuru daktari yule, nanyi mliokuja kuzoa maranda yale na harufu yake. Mwenye kuku asimsubiri anayesinzia. Kila wiki apasue mmoja anayekula, aangalie ndani. Jumamosi nilimpasua wa kundi jipya. Utumbo safi, hauna hata kidoa. Nikawaita wanangu waone. Tukauzunguka kimya, mpaka mdogo wao akauliza kama tunasali. Nikamwambia ndiyo.